Shavu la kulia limezeeka, la kushoto bado kijana

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni dereva wa semi, napiga Dar–Tunduma mwaka wa 14 sasa. Nina miaka 39 ila vijana wa stendi wananiita mzee na sio ya heshima, wanamaanisha kabisa. Kinachonichanganya, uso umezeeka upande mmoja, shavu la kulia lina makunyanzi na mabaka mpaka pembeni ya jicho, la kushoto liko freshi tu. Jamaa mmoja pale mizani kaniambia nimerogwa. Waifu kanipa krimu yake ya kutakatisha, nimepaka wiki tatu, naona panang'aa kidogo halafu panawasha. Sigara navuta, pakiti inanipeleka siku mbili. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujarogwa, ni dirisha hilo.

Mwaka 2012 jarida la madaktari la Marekani, New England Journal of Medicine, lilitoa picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha gari la kusambaza mizigo miaka 28. Upande wake wa kushoto ngozi imekuwa nene, imejikunja na kuning'inia, wa kulia unaona kabisa ni mtu mwingine. Kushoto kwa sababu kule usukani uko kushoto, huku kwetu uko kulia, sasa hesabu mwenyewe.

Utaniambia anti mbona nafunga kioo na nawasha AC. Hapo ndo watu wengi wanapodanganyika. Mionzi ya jua inayoharibu ngozi, inaitwa UV, inayotufikia ipo ya aina mbili, UVB ndo inayounguza na kioo kinaizuia karibu yote, kwa hiyo husikii kuungua unajiona uko salama, kumbe UVA inapita taratibu inaingia ndani zaidi ya ngozi na kukata kolajeni, zile nyuzi zinazoshika ngozi isilegee. Kioo cha mbele kina nafuu maana ni vioo viwili vimebanwa na plastiki katikati, kinazuia UVA nyingi sana. Cha mlangoni ni kioo kimoja tu, na wewe unakaa naye shavu kwa shavu kutoka Chalinze mpaka Mbeya.

Na hili la "sisi weusi jua halitufanyi kitu" nalisikia kila siku. Kweli melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inasaidia, ngozi nyeusi ina kinga yake kama SPF 13 hivi (SPF ni kipimo cha kinga ya jua), ya mzungu kama 3, ndo maana jirani yako mweupe anakunjamana mapema. Ila 13 sio ukuta, miaka 14 barabarani inapenya.

Sasa tuje kwenye krimu ya waifu, hapa nitakuwa mkali kidogo. Acha leo. Krimu za kutakatisha nyingi mtaani zina hydroquinone, zebaki au steroidi, na zote tatu zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania ila bado unazikuta dukani zimepangwa vizuri tu. Steroidi inafanya ngozi nyembamba kama karatasi ya andazi, mishipa inaanza kuonekana, hydroquinone ukikaa nayo miaka inakugeuzia kibao, panakuwa peusi wa kijivu hata pale palipokuwa safi. Na kubwa kuliko yote inaondoa hiyohiyo melanini, yaani unaenda kwenye jua la Dodoma halafu mwavuli unamgawia mtu! Wewe wiki tatu utaacha bila shida kubwa. Waifu kama katumia miaka asikate ghafla, amwone daktari wa ngozi, maana steroidi ukiiacha mara moja uso unaweza kuumuka vibaya.

Sigara nadhani ushajua nitasema nini. Nikotini inabana mishipa midogo, ngozi inakosa damu, na ile kukunja jicho moshi usiingie kila siku inachora mistari palepale unapolalamikia. Punguza ukishindwa kuacha, ila afadhali uache.

Cha kufanya: sanskrini, losheni ya kuzuia jua, SPF 30 kwenda juu na iwe imeandikwa inazuia UVA pia. Paka asubuhi kabla ya kuwasha gari, rudia kila masaa mawili, paka na sikio, shingo na mkono wa kulia. Kule Queensland, Australia, watu wazima 903 walifuatiliwa miaka minne na nusu, walioambiwa wapake kila siku ngozi zao hazikuonyesha kuzeeka zaidi kwa muda wote huo. Ipo hata ya hapahapa, hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza KiliSun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Kioo cha mlangoni unaweza kubandika filamu inayozuia UV isiyo na giza, usije ukagombana na trafiki. Makunyanzi yaliyoingia ndani hayataondoka yote, mabaka yatafifia taratibu, kwa miezi sio wiki.

Ila angalia, kama upande huo umelegea ghafla na mdomo umepinda, hiyo sio ngozi, kimbia hospitali sasa hivi, inaweza kuwa kiharusi. Na ukiwa na baka lisilosikia hata ukilichoma na kijiti, nenda ukapimwe ukoma, dawa ni bure.

SWALI: Anti mimi ni mama ntilie Temeke, moshi wa mkaa unazeesha au naonewa tu? Mabaka mashavu yote mawili.

JIBU: Moshi unachangia, na joto la jiko pia, hamia gesi ukiweza au sogeza jiko nje penye upepo. Lakini mashavu yote mawili sawasawa, mwenzangu, nauliza kwanza: umejifungua karibuni, au unatumia vidonge au sindano ya uzazi wa mpango? Homoni zinaleta mabaka ya hivyo na jua linayakoleza. Niandikie tena unijibu hilo.