Yaya, nilitengeneza filme ya kuogopesha, watu wakacheka

Safari hii barua tatu zimeingia juu ya jambo karibu moja, zile filme za masanamu ambazo zinapigwa picha moja moja, sanamu ikisogezwa kidogo kila mara, stopu mosheni, basi nimeziweka pamoja. Ya kwanza njo imekula nafasi, mutanisamehe.

Swali: Yaya jambo. Niko Goma, Himbi. Nilitengeneza ka filme kadogo na telefone, dakika mbili hivi, ni bibi mumoja anaingia usiku kwa nyumba ya watoto. Sanamu nilifanya na waya na bitambaa, nikamuwekea meno marefu, macho mekundu, damu kwa mudomo, yote. Nikaonyesha wenzangu, wakacheka mpaka mumoja akaanguka kwa kiti. Tena banasema bibi anatetemeka-tetemeka, ati ninunue aparei ya muzuri. Nifanye nini juu waogope? (Mutu wa Himbi)

Jibu: Jambo mudogo wangu. Aparei usinunue kwanza. Na yale meno toa, damu nayo toa. Ukimuweka bibi hivyo umeshamuamuru mutazamaji "huyu ni mubaya, ogopa", na mutu akiamuriwa kuogopa anacheka, hata kanisani wakikataza kucheka njo kicheko kinakuja.

Stopu mosheni nguvu yake iko pengine. Mutazamaji anaona wazi kwamba kile ni kitambaa na waya, hakuna anayemudanganya, halafu kile kitambaa kinageuza kichwa. Akili inasema hakina roho, macho yanasema kimemuangalia mutoto, na hapo katikati njo ngozi inasisimuka. Mujapani mumoja, profesa Masahiro Mori, aliandika juu ya hiyo mwaka 1970, yeye alikuwa mutu wa roboti si wa filme, akachora mustari unaopanda: kitu kikizidi kufanana na mutu tunazidi kukipenda, mpaka kikaribie kabisa lakini bado kidogo, hapo mustari unaporomoka ndani ya shimo. Akaongeza kwamba kitu chenyewe kikiwa kinatembea, shimo linazidi kwenda chini. Juu ya hiyo sanamu iliyokaa tu kwenye meza haikusumbui, ngoja isogeze kidole.

Sasa uso uache karibu mutupu. Angalia vinyago vya kifwebe vya Wasongye, kabila la kwetu Kongo: uso muzima ni mistari iliyochongwa, macho ni mipasuko, mudomo umetokeza mbele, na uso haubadiliki hata kidogo, anayecheza ndani yake njo anatoa maana kwa mwili wake. Bibi yako vilevile. Shanga mbili nyeusi zisizo na mboni, mudomo ushone kwa uzi, basi. Mutazamaji atajaza mwenyewe, na atakachojaza kitakuwa kibaya kuliko meno yako.

Kutetemeka nako, kuko kwa aina mbili, ile inayoogopesha na ile ya kazi mubaya, na wenzako wanazichanganya. Filme ya kawaida ni picha 24 kwa sekunde, kwa stopu mosheni wengi wanapiga 12 na kila moja inaonekana mara mbili. Mutu wa kweli akipita mbele ya kamera ya video, kila picha inabaki na ukungu kidogo pale mukono ulipopita. Sanamu yako haina ule ukungu, juu wakati wa kubonyeza ilikuwa imesimama kabisa, kwa hiyo kila picha ni kali na safi, na zikifuatana jicho linaona mwendo lakini linahisi kuna kitu kimepungua bila kujua ni nini. Kule Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Phil Tippett na wenzake wa kampuni ya filme Industrial Light & Magic walitengeneza mashine za kusogeza sanamu wakati ule ule picha inapigwa, ili tu wapate ule ukungu! Wao walikuwa wanataka joka la filme yao lionekane munyama wa kweli, sawa kwa kazi yao. Wewe unataka bibi ambaye hafai kuwa anatembea, kile walichotoa kwa pesa nyingi wewe unacho bure.

Tena kuna kutetemeka kwa kitambaa. Kwenye King Kong ya 1933 sanamu za Willis O'Brien zilivalishwa ngozi ya sungura, na kila walipomusogeza yule sokwe vidole vyao vililaza manyoya upande mwingine, njo maana kwenye filme manyoya yanachezacheza kana kwamba kuna upepo. Ni vidole vya watu ambao hatuwaoni. Mimi nikiangalia hiyo namuogopa Kong zaidi kuliko anapofungua mudomo.

Lakini telefone ikisogea, au mwanga ukipanda na kushuka wenyewe, hiyo si kuogopesha, hiyo ni kazi mubaya na mutu anaitambua haraka. Telefone ifunge kwenye tofali na skochi. Gusa uso wa bibi kwenye ekrani na ushikilie kidole mpaka mwanga ufungike, usiuachie telefone ijichagulie. Usibonyeze kwa kidole, weka taima, au chomeka ekuteri ya waya, ile ya masikio, kwenye telefone nyingi kile kibonyezo cha sauti kinapiga picha. Dirisha funga kabisa kwa blanketi, jua linatembea, ukifanya kazi asubuhi nzima kivuli kitakimbia ukutani kwa sekunde chache. Umeme nao unajua mwenyewe ulivyo kwetu, tumia tochi za batri, moja upande wa kushoto chini, na nyuma giza. Usimulike bibi kwa mbele, atarudi kuwa kitambaa.

Kuhusu vitu vya kutengenezea, tafuta vyenye umri. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 Ladislas Starewicz, kule Lithuania, alichukua mende wa pembe waliokufa akawatilia waya kwenye miguu, wakapigana na kutembea mbele ya kamera. Jan Švankmajer, Mucheki, kwenye filme yake ya Alice ya 1988 alitumia sungura aliyekaushwa ambaye tumbo lake linavuja unga wa mbao, na sungura mwenyewe anajifunga kwa pini. Hakuna rangi nyekundu hata moja inayoweza kushinda ule unga wa mbao. Wewe uko Goma, una bahati: chini ya miguu ya bibi mwaga muchanga mweusi wa volkeno, kwa sanamu ya sentimita 20 kila punje inaonekana jiwe. Mulango utoe kwenye kipande cha mbao cha chukudu kilichovunjika (ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo), kile kilichopigwa na mvua na mafuta, usikipige randa. Bibi avae kitenge kilichofuliwa mpaka kikapauka, kitenge kipya kinang'aa na kinanuka duka hata kwenye picha.

Na hili njo kubwa, usimuchezeshe sana. Naona wanaoanza wanataka kila picha iwe na mwendo juu wamechoka kupiga picha na wanataka faida yake. Wewe onyesha kwanza vidole tu, vinne, kwenye ukingo wa mulango. Picha 36 hakuna kitu, yaani sekunde 3. Usikopi picha moja mara 36, ikikopiwa inaonekana telefone imekwama, zipige kweli zote, tofauti ndogo ya mwanga na kitambaa itakifanya kile kimya kiwe hai. Halafu kidole cha mwisho kinajikunja kidogo, picha mbili, kinasimama. Kimya tena. Kisha vyote vinne kwa pamoja, kwa picha moja tu, vimeshika zaidi ndani. Kitambaa cha kiungo kitapata mikunjo mipya kila ukikunja, usiinyooshe. Kamera iwe chini, kwa kimo cha kitanda cha mutoto, na bibi mwenyewe usimuonyeshe muzima kabla ya mwisho.

Na wakikuambia hii ni kazi ya Wazungu, waambie Jean-Michel Kibushi, Mukongomani, alitoa animesheni yake ya Le Crapaud chez ses beaux-parents mwaka 1991, hadithi ya Watetela ya chura aliyekwenda kwa wakwe.

Swali: Yaya, tuko kikundi cha vijana, komini ya Kenya, Lubumbashi. Tuna filme ya masanamu imeisha, tunatafuta muziki wa kuogopesha wa bure, utuonyeshe wapi. (Bana Lubumbashi)

Jibu: Musitafute. Ondoeni muziki kabisa muone kwanza. Kisha murekodi vitu vikavu karibu sana na telefone: ganda la mahindi, muchele mubichi kwenye sahani ya bati, kitambaa kinachosuguliwa na ukucha. Sauti iwe kubwa kuliko mwili, sanamu ndogo ikitembea isikike nzito, au kinyume. Švankmajer anafanya hivyo, kila kitu kwake kinasikika kwa karibu mpaka unataka kurudi nyuma na kiti. Muziki muuweke mwishoni kwa majina, kama lazima.

Swali: Dada, mimi ni mama wa Kadutu, Bukavu. Mutoto wangu wa miaka 6 aliangalia kwa jirani filme ya masanamu, Coraline, ile ya mama mwenye vifungo kwa macho. Sasa hataki kulala na mwanasesere wake, anasema anamuangalia. Jirani mwingine ananiambia nimupeleke kwa maombi, kuna kitu kimemuingia. Nina wasiwasi.

Jibu: Mama, pole, na musimupeleke popote kwa sababu hiyo. Hakuna kilichomuingia, amefanya kile filme ilichomutaka afanye. Ile ya Henry Selick ya 2009 ilitengenezwa kwa akili nyingi: yule mama mwingine mwanzoni ni muzuri, anapika vizuri, nyumba yake ina rangi kuliko nyumba ya kweli ambayo ni kijivu, kitu kimoja tu hakiko sawa, macho. Na mutoto wa miaka 6 akitaka kujua kama mama amekasirika au amefurahi anaangalia wapi? Macho. Ukimuwekea vifungo umemufungia mulango.

Jirani yule wa maombi mumujibu kwa heshima lakini mumukatalie, na musiruhusu aongee hivyo mbele ya mutoto, tunajua kwetu maneno ya namna hiyo yanaweza kumufuata mutoto mpaka shuleni.

Dawa yake ni kumuonyesha mukono unaofanya kazi. Mumuambie zile nyuso za masanamu ya ile filme zilitolewa na mashine ya kuchapisha, moja moja, na sweta ndogo ya sanamu ilifumwa na mutu kwa sindano nyembamba sana. Kisha mumupe telefone, mchana, aweke mwanasesere mezani, apige picha, amusogeze kidogo yeye mwenyewe, apige tena, picha 12 tu zinatosha. Mukipitisha haraka kwa kidole mwanasesere atatembea, na mutoto atajua nani alimutembeza. Asipotaka kumugusa, musimulazimishe, atumie kijiko au kiatu.

Usiku mwanasesere akae kabatini, chumba kingine, mpaka mutoto mwenyewe amuulizie. Na ile filme muiache kwanza, akifika miaka 9 au 10 mutaiangalia pamoja.