Ukitaka kuishi kwa nadharia ya uhusiano wa kimataifa

Wanafunzi wa uzamili wanaotaka kuingia kwenye fani hii huniuliza mapema mno: nijiite mhalisia (anayeona nguvu ndiyo inayoongoza dola), mliberali (anayeamini taasisi na ushirikiano) au mkonstraktivisti (anayeona fikra na kanuni ndizo zinazounda maslahi)? Nimekaa mbele ya majopo ya usaili, na siku hizi nakaa upande wa pili wa meza, na sijasikia swali hilo likiulizwa. Jopo linataka kujua unachunguza nini, utafundisha nini, na kama kitabu kitatoka. Kambi yako wataibaini wenyewe wakisoma tanbihi zako.

Kwa hiyo anza na swali, na liwe swali unaloweza kuishi nalo miaka kumi. Kenneth Waltz, ambaye hakuna silabasi ya nadharia inayomkwepa, hakuanza kwa kujiunga na kambi. Alikuwa akijisomea kwa ajili ya mtihani wa mdomo pale Columbia, akaona kwamba waandishi wanaoeleza chanzo cha vita hawakubaliani hata mahali pa kukitafuta. Wengine walikitafuta katika tabia ya binadamu, wengine katika muundo wa ndani wa dola, wengine katika mfumo wenyewe ambao hauna mamlaka juu ya dola. Mpangilio huo ukawa tasnifu mwaka 1954, na kitabu mwaka 1959. Kile kitabu kingine kilichomfanya nguzo ya uhalisia wa kimuundo, yaani ule unaoanza na mfumo wenyewe wa dola, kilikuja mwaka 1979. Idara gani leo ingemsubiri mtu miaka ishirini?

Swali zuri la nadharia lina alama moja: likijibiwa vingine, kuna nadharia inayoumia. Langu lilihusu ukaguzi wa silaha. Kwa miongo mingi Umoja wa Kisovieti ulikataa wakaguzi wa kigeni katika ardhi yake, ukisema huo ni ujasusi. Kisha mwaka 1987 ukatia saini na Marekani mkataba wa kuondoa makombora ya masafa ya kati, wenye ukaguzi wa mahali silaha zilipo, ndani ya nchi zote mbili. Nini kilibadilika? Ukisema ni nguvu na uchumi uliochoka, mhalisia anatabasamu. Ukisema ni fikra mpya za Gorbachev, kiongozi wa Kisovieti, mkonstraktivisti naye ana la kusema. Ukisema ni vyote viwili, itakubidi uonyeshe kipi kilifanya kazi gani na lini, na hapo ndipo tasnifu inapoanza.

Kesi hiyo, yaani tukio halisi nililolichunguza, ilinipa kazi. Nasema hivi bila kuzunguka kwa sababu wasimamizi wengi hawaisemi: nafasi za "nadharia" peke yake ni chache sana. Soma matangazo ya ajira ya mwaka mzima uone yanachoomba: usalama wa kimataifa, uchumi wa siasa wa kimataifa, taasisi za kimataifa, siasa za mazingira. Nadharia, ikitajwa, huwa katika mstari wa mwisho, kama sifa ya ziada. Mimi niliajiriwa kama mtu wa usalama, nikaingia na nadharia mlangoni ikiwa ndani ya kesi yangu. Ukiwa na nadharia bila eneo la utafiti, wajumbe wa jopo watakusifu kwa akili, kisha watamchukua mwingine.

Jifunze takwimu pia, hata kama hutazitumia. Mwaka 2013 John Mearsheimer na Stephen Walt walilalamika katika makala kwamba fani inaiacha nadharia nyuma na kukimbilia kupima dhana ndogondogo kwa data. Nadhani kwa sehemu kubwa walikuwa sahihi. Lakini malalamiko hayo yana uzito yakitoka kwa mtu anayeweza kusoma jedwali la regresheni, yaani la takwimu zinazopima jinsi mambo yanavyohusiana, na kuonyesha lilipokosea. Kwa asiyeweza, yanaonekana ni kisingizio.

Sasa wapitiaji, wataalamu wanaoisoma makala kabla jarida halijaikubali. Makala ya nadharia hupigwa kutoka pande mbili zisizokutana. Mmoja anaandika: hii ni falsafa, ushahidi uko wapi? Mwingine anaandika: kesi inatosha, ila umemsoma vibaya mwananadharia Hedley Bull. Usijaribu kuwaridhisha wote wawili kwa kuongeza kurasa, maana utazaa makala isiyo na mwenyewe. Soma barua ya mhariri mara mbili, kwa sababu yeye ndiye anayeamua, na mara nyingi amekudokezea ni mpitiaji gani anamsikiliza. Jibu kila hoja, hata unayoikataa, na ukikataa toa sababu kwa sentensi mbili zenye adabu.

Na ujue kila jarida lina mazungumzo yake. International Organization lilichapisha makala ya Alexander Wendt ya mwaka 1992 iliyodai kuwa hali ya kukosa mamlaka kuu ni kile dola zinachoifanya iwe. Millennium, la London School of Economics, ndilo lililotoa mwaka 1981 makala ya Robert Cox isemayo kwamba nadharia daima ni ya mtu fulani na kwa lengo fulani. Hoja ile ile hupokelewa kama mchango katika jarida moja na kama mahubiri katika jingine. (Wendt baadaye aligeukia fizikia ya kwanta, akaitolea kitabu mwaka 2015. Hayo fanya ukishapata ajira ya kudumu.)

Kama umefanya kazi nje ya chuo, usiifiche. Cox alitumikia Shirika la Kazi Duniani miaka mingi kabla ya kuwa profesa. E. H. Carr alikuwa mwanadiplomasia wa Uingereza, Susan Strange mwandishi wa habari. Aliyewahi kukaa kwenye chumba cha majadiliano anajua kwamba "maslahi ya taifa" huandikwa na maofisa waliochoka usiku wa manane, na ujuzi huo hauko vitabuni.

Stanley Hoffmann aliiita fani hii sayansi ya jamii ya Kimarekani mwaka 1977, na bado ana ukweli, ingawa mlango umefunguka kiasi. Ukitoka nje ya nchi za Magharibi utaombwa mara kwa mara uandike kuhusu "mtazamo wa Kusini", yaani wa nchi zinazoendelea. Kubali pale tu unapokuwa na hoja. Pasipoti peke yake haizalishi nadharia.

Mikutano ya kitaaluma: nenda, wasilisha, usikae kwenye kundi la watu unaowajua tayari.

Kuhusu kufundisha nina ushauri ambao wenzangu wengi hawaukubali. Omba kozi ya utangulizi wa nadharia, ile ambayo walimu waandamizi huikwepa kwa sababu ya wingi wa wanafunzi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakuuliza kwa nini mikataba mingi inafuatwa wakati hakuna polisi wa dunia, na hatakubali jibu lenye majina ya waandishi watatu. Mihadhara hiyo iandike kikamilifu, sentensi kwa sentensi, pamoja na kurasa za vyanzo. Sura moja ya kitabu changu ilitoka humo karibu nzima, na kilichochukua muda ni kutafuta upya kurasa ambazo sikuwa nimeziandika.