Sensa ya oksijeni: ihoji kwanza kabla hujaifungua

Gari la kwanza nililobadilisha sensa ya oksijeni peke yangu lilirudi baada ya siku tatu, taa ya cheki injini inawaka vilevile. Mashine ya kusoma kodi za hitilafu ilikuwa imeandika P0171, yaani hewa imezidi petroli, na mimi nikakimbilia sensa. Mama mwenye gari alikuwa ameshalipia mpya. Mzee aliyekuwa ananifundisha hakusema kitu. Aliingiza mkono chini ya mpira wa hewa, ule unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye throto, akaubinya, ukaachama kama mdomo wa samaki. Ufa ulikuwa kwa chini, huuoni ukisimama mbele ya boneti. Sensa niliyoitupa ilikuwa inasema kweli tupu.

Kwa hiyo wewe unayeanza, elewa kwanza kazi yake. Inanusa oksijeni iliyobaki kwenye moshi, basi. Petroli haiijui. Plagi moja isipochoma, sensa itadai hewa imezidi hata kama ekzosi inanuka petroli, kwa sababu silinda ile imetema oksijeni yake bila kuungua. Gasketi ya manifodi ikivuja jirani na sensa, hewa ya nje huingia na jibu huwa lilelile. Tafuta masizi meusi kwenye maungio, na sikiliza asubuhi injini ikiwa ya baridi: kuna tik-tik inayofifia chuma kikipata moto.

Kwenye mashine fungua LTFT, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta ya gari imezoea kuongeza au kupunguza. Ikiwa +18 gari likiwa sailensa (linaunguruma bila kukanyagwa), kisha ikashuka hadi +4 ukikanyaga mpaka mizunguko 2,500, kuna mahali hewa inaingia kinyemela. Ikipanda kadiri unavyokanyaga, kagua pampu ya mafuta, chujio lake, na sensa ya kupima hewa, ambayo mara nyingi inataka kusafishwa tu.

Sensa yenyewe ipime ikiwa ya moto, maana chini ya nyuzi 300 hivi za Selsiasi haifanyi kazi. Ile ya kawaida ya mbele inatakiwa irukeruke kati ya volti 0.1 na 0.9. Chomoa mpira mmoja wa vakyumu: ishuke upesi. Rudisha, puliza kidogo gesi au sprei ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa: ipande upesi. (Sprei hiyo ikae mbali na ekzosi ya moto, nimeona nyusi zikiungua.) Ikijibu haraka pande zote mbili, iache. Ikijivuta au ikikwama, hapo una haki ya kumwambia mteja anunue.

Angalizo kwa Toyota: nyingi zina sensa ya A/F (ya uwiano wa hewa na petroli) mbele, nayo hairuki. Hukaa karibu volti 3.3, na baadhi ya mashine za bei nafuu huandika 0.66. Wengi wamezitupa zikiwa nzima.

P0135 ni kesi nyingine kabisa, na nyepesi. Inahusu hita iliyo ndani ya sensa. Anza na fyuzi. Halafu chomoa soketi, washa gari, upande wa gari upate volti 12. Mwisho pima omu kati ya nyaya mbili za hita, kwa kawaida huwa za rangi moja. Testa ikionyesha waya umekatika, hita imekufa na hakuna cha kubembeleza.

Kuifungua kunahitaji spana 22. Pasha injini kidogo, pulizia mafuta ya kulegeza kutu, usilazimishe, ukila nyuzi za manifodi gharama ni yako. Ukifunga mpya, usiguse ncha, na usiweke silikoni popote karibu: mvuke wake unaiua. Ukiunga nyaya, zibane kwa viungio badala ya kuchomea risasi, kwa sababu sensa nyingi huvuta hewa ya kulinganishia kupitia nyaya hizohizo.

Na akija mteja mwenye P0420, yaani masega (kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi) hayafanyi kazi vizuri, kabla ya mashine muulize kama masega yapo. Mara nyingi atacheka, aseme yalitolewa zamani ili gari "lipumue". Sensa ya nyuma imewekwa kuyakagua masega ambayo hayapo. Badilisha sensa tano ukitaka, taa itarudi.