Jibu: Baiskeli za mkaa hukaa katikati ya lami makusudi?

Mkuu, umeuliza kama wale wa baiskeli za mkaa wanaoingia Tabora mjini alfajiri hukaa katikati ya lami makusudi. Hapana. Siku hizi naendesha gari, ila nimebeba sana kuni kwa baiskeli. Ukiwa na magunia mawili nyuma, ukingo wa lami ndio adui yako: gurudumu likishuka kwenye changarawe hulipandishi tena, unakwenda chini na mzigo wote. Kusimama ghafla ndiyo usahau, breki yenyewe mara nyingi ni soli ya kandambili.

Kwa hiyo usimpigie honi ukiwa mgongoni kwake. Atashtuka, atayumba. Piga fupi ukiwa bado mbali, atakupisha mwenyewe pakiwa pazuri, nawe mnyooshee mkono. Kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, sasa unakimbilia wapi?

Ila nao wana lao. Gizani bila taa wala kiakisi mwanga, hapo siwatetei. Waenda kwa miguu nao watembee kulia, wayaone magari yanayowajia. Bodaboda wanaokupita kushoto... hao tuwafungulie uzi wao.