Shamba la baba Burnt Forest, nirudi ama tuuze?

SWALI: Mjomba, habari yako. Tulitoka Burnt Forest Januari 2008, ile vita ya baada ya uchaguzi, nikiwa darasa la sita, nyumba ikachomwa tukalala kwa hema pale uwanja wa maonyesho Eldoret, mpaka Mei serikali ikaanza ile Operesheni Rudi Nyumbani ya kuturudisha makwetu, baba akachukua Sh10,000 zake za serikali akasema yeye harudi ng'o, tukaja Nakuru. Ekari tatu alimwachia jirani kwa mdomo tu, alime na atutumie magunia mawili ya mahindi kila mwaka. Baba alifariki 2015 na magunia yakaishia hapo. Nimechoka na nyumba za kukodi, nina mke na watoto wawili, nataka nirudi nijenge, lakini nikitaja tu mama analia. Ndugu yangu anasema tuuze.
Kifungua Mimba, Nakuru

JIBU: Pole sana. Machozi ya mama nitayarudia, wacha nianze na karatasi manake hiyo ndio haingoji. Mtu akikaa kwa shamba lako waziwazi bila ruhusa miaka 12 mfululizo, sheria inamruhusu aende korti aombe liandikishwe jina lake. Jirani yenu aliingia kwa ruhusa kwa hivyo ile miaka ya magunia haimsaidii, lakini wakili mjanja atasema ruhusa ilizikwa na baba, hesabu ianze 2015. Ongeza 12 ujionee. Na hiyo 2027 ndio mwaka wa uchaguzi tena, sasa wewe utokee hapo na lori la mabati? Hapana bwana.

Hatimiliki ikiwa bado ni jina la marehemu, wewe huna cha kujengea na ndugu yako hana cha kuuza. Fungueni kesi ya urithi, mtahitaji barua ya chifu inayotaja warithi wote, na wote ni pamoja na dada zenu walioolewa, msijifanye hamwajui.

Halafu huyo jirani, kuna mtu alimwambia baba amekufa? Pengine hakujua magunia ampe nani. Enda umuone mchana na mzee mnayemheshimu wote wawili, pitia kwa chifu na wazee wa Nyumba Kumi wakujue sura. Mkielewana muandikiane safari hii, yeye alime ekari mbili wewe moja, ulime msimu mmoja ukienda na kurudi, watoto wabaki shule huko Nakuru. 2008 kuna watu walikuwa wanalima kwao mchana na jioni wanarudi kulala kwa hema, tukawaita waoga, siku hizi naona walitushinda akili.

Mama usimbembeleze arudi. Mwulize tu kama angependa kuona pale nyumba ilikuwa, akikataa yaishe. Akikubali nendeni asubuhi mrudi siku hiyo hiyo, na mbebe chai yenu kwa chupa, asije akalazimika kuomba maji kwa mtu ambaye hajawa tayari kumsalimia.