Biashara ndo ilikuwa inalisha ajira

Mmeuliza wiki hii nini hasa kinamfanya mtu atake kuanzisha biashara. Wengi watawajibu uhuru, kuwa bosi, kutimiza ndoto, sawa, ila mi nnachokiona huku Mbagala, Dar, ni kwamba mshahara unaingia mara moja kwa mwezi na tumbo linadai kila siku.

Na hii haijaanza leo jamani. Miaka ya 80 mshahara wa serikali ulishuka thamani vibaya mno, wazazi wetu wakaingia kwenye miradi, kuku, vitumbua, barafu, na hapo siasa ni ya ujamaa, biashara binafsi inatazamwa vibaya, tena 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, ukikutwa mjini huna kazi inayotambulika unarudishwa kijijini. Mama yangu alikuwa nesi, unga anakanda usiku, saa kumi alfajiri yuko jikoni anachoma maandazi, anayapanga kwenye ndoo ya plastiki anafunika na kitambaa, halafu ndo anavaa gauni jeupe anaenda zamu. Hela ya maandazi ndo ilinunua mafuta ya taa, madaftari yetu, mpaka nauli yake ya kwenda kazini! Yaani biashara ndo ilikuwa inalisha ajira. Baadaye 1991 Azimio la Zanzibar, uamuzi wa chama tawala CCM, likawaruhusu hata viongozi wawe na kipato cha pembeni, wakati akina mama walishatangulia zamani.

Kingine, na hiki kwa wanawake nakiona kikubwa zaidi, ni kutaka hela usiyoiomba kwa mtu. Jirani yangu ana genge, nyanya mafungu, vitunguu, dagaa, na anasema wazi alichoka kusubiri baba watoto arudi na mudi nzuri ndo aombe hela ya daftari. Zamani alikuwa anatembeza beseni mjini huku anakimbizana na mgambo, kwa hiyo Desemba 2018 vilipotoka vile vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000, vya kuuza bila kusumbuliwa, alikuwa wa kwanza kwenda kuchukua, na alikivaa shingoni hata siku ya kanisani.

Sasa hivi anataka friza auze juisi na barafu. Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yao wanayotengea wanawake, vijana na wenye ulemavu, unataka kikundi na yeye hataki kudhaminiana na watu asiowajua vizuri, kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ndo hataki hata kuisikia, basi anaweka kidogokidogo kwenye kikoba, kile kikundi cha kuweka akiba, mgao ni Desemba.