Siku ya Tatu, Mwite Mtu Aje Nyumbani

Saa tisa usiku, siku ya tatu tangu nijifungue, nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chetu Tabata nimeng'ata pindo la kanga. Niliing'ata ili mama mkwe, aliyelala chumba cha pili, asinisikie kila mtoto anaposhika ziwa. Chuchu zote mbili zilikuwa zimechanika. Matiti yamejaa, magumu kama embe bichi, na mtoto analia, anashika, anateleza, analia tena. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, ananiuliza kama kuna duka la dawa linalokesha tukanunue maziwa ya kopo.

Hospitalini sikuwa na shida yoyote. Nilijifungua salama, nikaruhusiwa kesho yake. Wodi ilikuwa imejaa na wauguzi wachache. Aliyenihudumia alimweka mtoto kifuani kwangu mapema, akamwona ananyonya, akaenda kwa mwenzangu wa kitanda cha pili. Simlaumu. Mtoto alikuwa ananyonya kweli, ila wakati ule matiti yalikuwa bado laini na kinachotoka ni dang'a, matone ya njano ambayo kwa mtoto wa siku moja yanatosha kabisa.

Mtoto huyo sasa ana miaka saba, na bado nalifikiria jambo hili. Ukijifungua kawaida na wote mko salama, hospitali inakuruhusu baada ya siku moja hivi. Maziwa yenyewe, kwa wengi wetu, yanajaa kati ya siku ya pili na ya nne. Kwa hiyo ugumu unakukuta nyumbani, usiku, ukiwa na watu wanaokupenda lakini hawajui waanzie wapi. Ndiyo maana kila mama kijacho anayeniuliza anunue nini, namjibu: beseni na vinguo utapata, lakini tafuta mapema mtu atakayekuja kwako siku ya tatu.

Kulipopambazuka mume wangu alimfuata muuguzi mkunga mstaafu anayekaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Mtaani tunamwita Mama Nesi. Alikuja na kanga yake mabegani, hakubeba kitu kingine. Akamsalimia mama mkwe, akanawa mikono, akaingia chumbani, akasema, "Mnyonyeshe, mwanangu, kama unavyofanya siku zote. Mimi nakuangalia tu." Akakaa kimya mpaka niliposhindwa mwenyewe.

Hicho ndicho kipimo changu hadi leo. Anayeijua kazi hii huangalia kwanza. Nimeshaona wengine kwa rafiki zangu: akifika tu anakamata titi la mama, mkono mwingine kwenye kisogo cha mtoto, anamsukumiza. Mtoto akisukumwa kisogo hukakamaa na kurudi nyuma, na mama anabaki akiamini mwanawe amelikataa ziwa lake. Mtu wa namna hiyo mshukuru kwa heshima, kisha usimwite tena.

Kitu cha kwanza alichorekebisha Mama Nesi hakikuwa titi, kilikuwa kitanda. Godoro letu lilikuwa limebonyea ukingoni, miguu yangu haitui vizuri, nikawa nainama kumfuata mtoto mgongo umepinda kama mtu anayepalilia. Akaomba kiti kutoka sebuleni, chenye mgongo ulionyooka, kikawekwa karibu na dirisha. Mto nyuma ya kiuno, mto mwingine mapajani, kigoda chini ya miguu. Hospitalini nani angeliona hilo? Kitanda kile kilikuwa kwangu.

Kisha akageukia matiti. Titi likijaa hivyo, ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu hukaza, mtoto hawezi kuijaza mdomoni, anashika ncha tu. Kushika ncha ndiko kunakochana. Akanionyesha kuweka kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi, halafu kukamua kwa mkono: kidole gumba juu, vidole vingine chini, nyuma kidogo ya chuchu, nasukuma kuelekea kifuani ndipo nabana, bila kuburuza ngozi. Matone machache tu, mpaka palainike. Mtoto akishanyonya, kitambaa cha maji ya baridi kupunguza uvimbe. Yale maji ya moto ya kukandia aliomba yasipite juu ya matiti yangu.

Akamgeuza mtoto, tumbo lake likagusa tumbo langu, sikio, bega na nyonga vikawa mstari mmoja. Pua yake ndiyo ielekee chuchu, siyo mdomo. "Usimpelekee titi. Msubiri apanue mdomo kama anapiga miayo, umlete yeye." Tulijaribu mara tatu au nne. Iliyofuata nilihisi mvuto mzito badala ya wembe, nikasikia mtoto anameza, kwa mara ya kwanza nikamsikia anameza, na machozi yakanitoka tena.

Ukiwa peke yako usiku, tazama hivi: kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umebinuka nje, mashavu yamejaa wala hayabonyei, na ule weusi unaonekana zaidi juu ya mdomo wake wa juu kuliko chini. Siku za mwanzo mtoto anaposhika unaweza kuhisi uchungu kidogo unaopita. Uchungu usiopita unakuambia ameshika vibaya. Ingiza kidole chako kidogo pembeni mwa mdomo wake aachie, uanze upya, hata mara tano. Usivumilie kwa sababu umeambiwa kunyonyesha ni kuvumilia.

Kazi kubwa zaidi, nadhani, aliifanya sebuleni. Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Rombo na mkungu mzima wa ndizi za mtori. Amelea watoto sita. Alishaniambia kwa upole kwamba mtoto hashibi, maziwa yangu bado mepesi, labda pia ana chango, na alikuwa amechemsha maji akatia sukari kidogo, yako kwenye chupa ya chai yanangoja ruhusa. Mimi sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu aliyetoka Rombo kuja kuniosha nguo.

Mama Nesi hakumpinga. Alimuuliza, "Wewe dada, mzaliwa wako wa kwanza, nani alikuwa nawe ukimnyonyesha?" Mama mkwe akasimulia jinsi mama mkwe wake yeye, kule kihambani, kwenye shamba la ukoo, alivyokuwa akikaa nyuma yake amwegemee kifuani ili mgongo usichoke. Walizungumza hivyo muda mrefu, mimi nasikiliza kupitia mlango. Ndipo akamweleza kwamba mtoto mchanga kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24 ni kawaida, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama husagika upesi. Maji ya sukari yakijaza tumbo hilo mtoto atanyonya kidogo, na ziwa lisilotolewa maziwa hupunguza kutengeneza. Akampa kazi: ahesabu nepi. Kuanzia siku ya tano mkojo uwe mara sita au zaidi kwa siku, na choo kile cheusi cha mwanzo kiwe kimegeuka njano. Mama mkwe akaweka hesabu kwa punje za maharage kwenye kisosi. Chupa ya chai ikarudi kuwa ya chai.

Mtori niliula, na nilimshukuru. Mzazi anahitaji chakula na vinywaji vya kutosha. Ila mama aliyekosa supu ya kuku asijione maziwa yake yamekwisha. Kinachoyaita maziwa ni mtoto kunyonya vizuri na mara nyingi.

Wiki ya pili jirani mmoja alimtazama mtoto akanong'ona kwamba huenda amebemendwa, yaani wazazi tumemdhoofisha kwa kulala pamoja akingali mchanga. Neno hilo linaniumiza mpaka leo. Mtoto mchanga kwa kawaida hupungua uzito kidogo siku za kwanza, na wengi hurudia uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili. Mama Nesi alituambia twende kliniki tukampime, na alikuwa amerudia. Angekuwa hajarudia, kitu cha kutazama ni anavyoshika ziwa, ananyonya mara ngapi, na kama anaumwa. Ni wanawake wangapi wamesutwa juu ya kitanda chao cha ndoa wakati mtoto alihitaji mizani na mtu wa kumwangalia akinyonya?

Alikuja mara nne: siku ya tatu, kesho yake, siku ya saba, na wiki ya pili. Ukipanga na mtu, panga naye zaidi ya mara moja, kwa sababu shida ya leo ikikaa sawa, kesho hutokea nyingine. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2022 kuhusu huduma baada ya kujifungua, linapendekeza mama na mtoto watembelewe nyumbani ndani ya wiki ya kwanza. Na zile Hatua Kumi za unyonyeshaji zilizotolewa na WHO na UNICEF mwaka 1989, ambazo hospitali nyingi zimezibandika ukutani, ya kumi inasema mama anapotoka wodini aelekezwe kwa watu wa kumsaidia. Basi uliza bila aibu siku unayoruhusiwa: nikikwama nimwite nani?

Si kila mtaa una mkunga mstaafu, najua. Anza kliniki unakopimwa ujauzito. Muulize muuguzi unayemwamini kama yeye au mwenzake huwatembelea wazazi akitoka zamu. Uliza serikali ya mtaa kuhusu mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mijini wapo pia washauri wa unyonyeshaji wanaokuja nyumbani kwa malipo. Muulize amejifunzia wapi, na kama atarudi. Mlipe anachostahili. Mama Nesi alikataa pesa, tukamlipa kwa doti ya kanga na samaki wa mume wangu kutoka soko la Feri.

Anayekuja na kopo la maziwa kwenye mkoba, au unga wa kuongeza maziwa wa kukuuzia, amekuja kufanya biashara. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 inakataza wauzaji wa maziwa ya kopo kuwafuata akina mama na kuwapa sampuli. Wapo wanaohitaji kopo kwa sababu ya kitabibu, na msaidizi mzuri atakwambia hivyo waziwazi, bila kukufedhehesha, na atakupeleka kwa daktari.

Jambo jingine ni siri. Nyumba zetu zina watu wengi, na anayekuja anaweza kujua mambo ambayo hata mawifi hawayajui. Mama anayeishi na VVU na anayetumia dawa zake vizuri hunyonyesha, mtoto akipewa dawa ya kinga kama kliniki ilivyoelekeza. Mazungumzo hayo ni ya chumbani, mlango umefungwa. Ukisikia msaidizi anakusimulia ya mzazi mwingine kwa jina, jua yako nayo yatasimuliwa.

Na kuna hali ambazo usingoje mtu aje. Mtoto analala mno na haamki kunyonya, ana homa au amekuwa wa baridi, unjano umefika nyayoni, hakojoi: hospitali, saa hiyohiyo. Wewe una homa na kutetemeka, titi limekuwa jekundu na linauma sehemu moja, unatoka damu nyingi: hospitali pia, na titi hilo endelea kulinyonyesha au kulikamua mpaka umwone daktari. Ukiona huzuni haikuachi wiki mbili zimepita, hulali hata mtoto akilala, mwambie mtu. Hayo nayo ni maradhi yanayotibika, siyo uvivu wa kulea.

Mtoto wangu wa pili alitoka kwa upasuaji. Sikuweza kumlaza juu ya tumbo, Mama Nesi akanifundisha kumshika kwapani, miguu yake ikielekea nyuma yangu, mshono ukapumua. Maziwa yalichelewa siku moja zaidi na safari hii hakuna aliyeshika funguo za kwenda dukani. Kiti nilikikuta kimeshawekwa dirishani. Mama mkwe ndiye aliyekiweka.

Niliporudi kazini Mama Nesi alikuja tena, safari hiyo kwa ajili ya dada wa kazi. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatupa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 kwa mapacha, na baada ya hapo hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha wakati wa kazi. Mtoto wa miezi mitatu bado ana mitatu mingine ya maziwa ya mama peke yake. Kwa hiyo dada alifundishwa kumnywesha maziwa niliyokamua kwa kikombe kidogo, mtoto ameketishwa wima, kikombe kinagusa mdomo wa chini, anayanywa mwenyewe bila kumiminiwa. Kikombe ni rahisi kuosha kuliko chupa. Maziwa yakae nyuma ndani ya friji, siyo mlangoni, yatumike ndani ya siku nne. Nje ya friji yasizidi saa nne, na kwa joto la Dar sisi tulikuwa hatufiki hata huko.

Kama unajifungua mwezi huu, mpigie huyo mtu wiki hii, kabla uchungu haujaanza. Mwulize: ukisikia nimejifungua, utaweza kuja siku ya tatu? Akisema hawezi, akupe mwenzake. Namba yake awe nayo mume wako pia, na yule utakayekaa naye siku arobaini, maana saa tisa usiku wewe utakuwa umeshika mtoto kwa mikono yote miwili.